Lori la rimoti la petroli limegoma kuwaka? Iache koili kwanza

Katika injini ndogo za petroli, koili, kifaa kinachozalisha umeme wa cheche, huhukumiwa kabla ya kesi kusikilizwa. Lori la rimoti la kipimo cha 1/5 (moja ya tano ya gari halisi) likigoma, mwenyewe anavuta kamba mpaka bega linauma, anaagiza koili nje, anasubiri wiki kadhaa, anaifunga, na injini inagoma vilevile. Mimi koili naifikia mwisho. Kabla yake kuna plagi, waya wa kuzimia, kofia ya plagi na nafasi kati ya koili na flaiwili (gurudumu zito linalozunguka na injini), na vyote hivyo vinapimwa kwa mchana mmoja bila kununua kitu kikubwa.

Injini tunazozungumzia ni za aina ya Zenoah G260 na ndugu zake, za ujazo wa cc 23 hadi 32, stroki mbili. Ni ukoo mmoja na injini za mashine za kufyekea majani, kwa hiyo fundi wa Tanga aliyezoea mashine hizo mashambani kwenye mkonge atakusaidia kuliko unavyodhani. Hazitumii betri kutoa moto. Sumaku iliyo kwenye flaiwili ikipita mbele ya koili, inazalisha umeme kwenye nyaya za ndani. Saketi ya ndani inaukata umeme huo ghafla, volti zinapanda hadi maelfu mengi, na cheche inaruka kwenye plagi. Ndiyo maana kuvuta kamba kwa unyonge hakutoi moto hata kama kila kitu ni kizima. Sumaku inahitaji kasi.

Sikiliza kwanza lilivyozima. Injini iliyokatika ghafla, kama taa umeme unapokatika, ina tatizo la moto. Iliyopandisha mlio juu kisha ikafa, au iliyokufa kwa kusitasita, ina njaa ya mafuta: chujio limeziba, mpira umepasuka, au tangi halipumui. Kwa tangi, legeza kifuniko. Ikiwaka na kuendelea, umeshapata jibu.

Kisha toa plagi kwa spana ya 16. Ikiwa kavu baada ya kuvuta kamba mara kadhaa na choki ikiwa imefungwa, achana na umeme, nenda kwenye kabureta. Ikiwa imelowa petroli, mafuta yanafika na moto ndio unaoshukiwa. Ikiwa nyeusi na ya kunata, angalia mchanganyiko wako: kwa 25:1 ni mililita 40 za oili ya stroki mbili kwa lita moja ya petroli, si kukadiria kwa kifuniko cha chupa. Nafasi ya ukucha, kile kichuma kilichopinda kwenye ncha ya plagi, iwe milimita 0.6 hadi 0.7. Plagi ya kawaida ya injini hizi ni NGK CMR7H, na ile R usiidharau, maana ni kizuizi kinachopunguza kelele za umeme. Ukifunga plagi isiyo nayo, risiva (kipokeo cha mawimbi ya rimoti) inaweza kuchanganyikiwa na servo ya mafuta (kimota kinachoongeza na kupunguza mafuta) ikaanza kutetemeka yenyewe.

Jaribio la kulaza plagi kwenye silinda na kutazama cheche linapendwa sana, lakini linadanganya. Kuruka milimita 0.7 kwenye hewa ya kawaida ni kazi nyepesi. Ndani ya silinda hewa imebanwa na cheche inahitaji nguvu zaidi. Chukua plagi kuukuu, panua ukucha wake hadi milimita 4 au 5, ivishe kofia, gusisha chuma chake kwenye mapezi ya silinda mbali na tundu la plagi, ziba tundu kwa kitambaa, weka petroli mbali, kisha vuta kwa nguvu ukiwa kivulini. Cheche ikiruka nafasi hiyo, koili yako ni nzima, angalau ikiwa baridi.

Isiporuka, njoo kwenye waya wa kuzimia. Hapa ndipo wengi wanapotea, kwa sababu unafanya kazi kinyume na waya wa swichi ya gari. Kwenye gari, waya ukikatika, injini haiwaki. Hapa swichi inazima kwa kuugusisha waya wa koili na bodi ya injini, umeme unakimbilia huko na plagi inabaki bila kitu. Kwa hiyo waya ukikatika, injini inawaka lakini haizimiki kwa swichi. Ukichubuka na kugusa chuma, moto hakuna kabisa. Na lori linalorukaruka kwenye mchanga huchubua waya upesi, hasa unapopita chini ya kava ya stata, kwenye kona ya chesisi, au karibu na ekzosi ambako plastiki inayeyuka.

Chomoa waya huo pale unapoingia kwenye koili, ujaribu moto tena. Ukipatikana, koili haina hatia. Weka mita ya umeme kwenye omu (kipimo cha ukinzani), ncha moja kwenye waya unaokwenda kwenye swichi, nyingine kwenye chuma cha injini. Swichi ikiwa upande wa kuwaka, mita isionyeshe mgusano wowote; ikiwa upande wa kuzima, isome karibu na sifuri. Tikisa waya huku ukitazama mita, maana mchubuko mwingine hugusa pale tu lori linapotikisika. Ukitaka kuiwasha waya ukiwa nje, inua magurudumu juu na mkono uwe tayari kwenye choki, kwani kuifunga ndiyo njia uliyobaki nayo ya kuizima.

Kama umefunga kifaa cha kuzimia kwa rimoti, kichomoe pia. Vingine vimetengenezwa kuzima injini pale vinapokosa umeme au mawimbi, ili lori lisitoroke. Betri ya risiva ikichoka, matokeo ni yaleyale: plagi haina moto, na lawama anabebeshwa koili.

Kwa sisi wa pwani kuna kofia ya plagi. Hewa ya Raskazone, hapa Tanga ufukweni, ina chumvi, na chumvi ikishika unyevu inapitisha umeme. Jaribu usiku, taa zikiwa zimezimwa: ukiona vijicheche vya bluu vikitambaa juu ya kaure (sehemu nyeupe ya plagi) au kutoka kwenye kofia, moto unavuja njiani. Safisha kaure, vua kofia, kata milimita 5 za waya kama shaba imegeuka kijani, uirudishe spring ya ndani ya kofia ipasavyo katikati ya waya.

Nafasi kati ya koili na flaiwili iwe karibu milimita 0.3. Karatasi tatu za fotokopi zinakaribia kipimo hicho, na ni afadhali kuliko fila geji (bamba jembamba la kupimia nafasi) ya chuma, ambayo sumaku inaing'ang'ania. Piga msasa laini kutu kwenye miguu ya koili, futa chembe za chuma kwenye sumaku, legeza bolti mbili, weka karatasi, acha sumaku iivute koili, kaza kwa gundi ya bolti ya bluu, chomoa karatasi, zungusha kwa mkono. Isikwaruze popote.

Sasa koili inaweza kushtakiwa. Dalili yake ya kweli ni joto: injini inakimbia dakika kumi, inakatika ghafla, inagoma, kisha ikipoa inawaka kama haijawahi kuugua. Jaribu cheche ya milimita 5 papo hapo ingali moto, waya wa kuzimia ukiwa nje. Kama haipo, na baada ya kupoa inarudi, badilisha. Kupima koili za kielektroniki kwa omu peke yake ni kubahatisha.

Imebaki kesi moja: moto upo, mafuta yapo, lakini injini inapiga mateke, inanyang'anya kamba mkononi au inatemea kabureta. Shuku kii ya flaiwili (kipande kidogo cha chuma kati yake na shafti) iliyokatika, moto ukawa unakuja wakati si wake. Vua flaiwili kwa puli (kifaa cha kuvutia), si kwa bisibisi. Kinachoishika flaiwili ni koni ya shafti; kii inaielekeza tu mahali pake. Kwa hiyo futa koni zote mbili mpaka zikauke kabisa, bila tone la oili, kabla ya kukaza nati.