Usanifu wa familia ya programu ni nini?

Ukimtengenezea programu mnunuzi wa zabibu Hombolo, mwenye ghala la mahindi Kibaigwa na mkamuaji wa alizeti Singida, umetengeneza ndugu watatu. Zote husajili mkulima, hupokea uzito kutoka kwenye mizani, hutoa risiti na kulipa kwa simu. Usanifu wa familia ya programu ni kuamua mapema kipi kiwe kimoja kwa ndugu wote, na kipi kiachiwe nafasi ya kutofautiana. David Parnas, mtaalamu wa uhandisi wa programu, aliliandika jambo hili mwaka 1976: programu ni familia pale inapofaa kuanza kuchunguza zinavyofanana, kabla ya kutafuta kinachozitenganisha.

Wengi wetu hunakili tu. Nami nilinakili. Zabibu hupimwa zikiwa ndani ya kreti, kwa hiyo uzito wa kreti tupu lazima utolewe. Niligundua hesabu yangu inaangusha gramu za mwisho, nikairekebisha kwa zabibu. Nakala ya alizeti nikaisahau. Msimu mzima kila gunia lilimpunja mkulima kidogo, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Hesabu ya kutoa uzito wa chombo ilipaswa kukaa mahali pamoja. Kinachobadilika ni chombo chenyewe, kreti au gunia.

Kuutathmini usanifu huo hakungoji programu ikamilike. Njia ya kutathmini usanifu iitwayo ATAM (Architecture Tradeoff Analysis Method), iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon huko Marekani, huwakalisha pamoja wajenzi na wenye mfumo. Wanataja visa, yaani mambo yanayoweza kuukuta mfumo, kisha wanafuatilia kila kisa kwenye mchoro: kitagusa wapi, na ubora upi utapungua ili mwingine uongezeke? Kwa familia, visa vyenye uzito ni vya ndugu ambaye hajazaliwa. Tuseme kesho anakuja mteja wa choroko anayeuza kwa stakabadhi ghalani. Mkulima wake analipwa baada ya mnada, siku kadhaa tangu apime. Kama malipo yameshonwa ndani ya kupima, mchoro umeshindwa, na umeshindwa ukiwa bado karatasi.

Lakini kila nafasi ya kutofautiana ina gharama. Nafasi tano za ndiyo au hapana huzaa michanganyiko 32 ya kujaribu. Ndiyo maana nafasi isiyo na mteja wa kueleweka siiweki. Ya wakati wa malipo ningeiweka leo.