Paka na mbwa hawakuanguka kutoka mapaani
Masika yakianza tu ile meseji inarudi kwenye magrupu, eti mvua kubwa ikinyesha Waingereza wanasema "it's raining cats and dogs" kwa sababu zamani paka na mbwa walilala juu ya mapaa ya nyasi, mvua ikija wanateleza wanaanguka. Si kweli jamani. Tazameni nyumba yoyote ya makuti hapa Pemba, paka sawa huyo hashindwi, lakini mbwa anapanda vipi, na mvua ikinyesha nani anakaa juu? Msemo ulishachapishwa hivi hivi mwaka 1738, na karne ya 17 wapo waliotanguliza mbwa. Hadithi inanata kwa vile ina picha nzuri. La kujua skuli ni kwamba kinachobadilika ni kitendo tu, jana "it rained", ila cats na dogs zinabaki na s, bila kikoma cha juu, na ile ya dogs inasikika z. Ikikufikia tena usiifowadi.