Je, wajua kwa nini MySQL (programu ya kuhifadhi databesi) inakukatalia hata ukiweka paswedi sahihi?

Hiki kitu kilinitoa jasho siku nzima. Nilikuwa nataka kuingia kwenye databesi iliyoko kwenye kompyuta nyingine humo humo ofisini, nimefungua HeidiSQL (programu ya kuingilia databesi) kwenye laptopu, nimejaza IP ya seva, yaani anwani yake kwenye netiweki, poti 3306 ambayo ndo mlango wa MySQL, jina juma, na paswedi ileile ambayo dakika mbili nyuma nimeitumia nikiwa nimekaa mbele ya seva yenyewe na ikakubali vizuri tu, nabonyeza Open, inagoma. Naandika tena pole pole herufi moja moja, inagoma. Nikaanza kuishuku kibodi.

Kumbe paswedi haina kosa lolote. Ishu ni kwamba kwenye MySQL mtumiaji sio jina peke yake, ni jina pamoja na mahali anakotokea, ndo maana akaunti inaandikwa 'juma'@'localhost', yaani juma anayeingilia hapo hapo kwenye mashine ya seva. Juma anayetokea kwenye laptopu yenye IP 192.168.1.20 ni mtu mwingine kabisa machoni pa seva, anaweza kuwa na paswedi yake na ruhusa zake, na kama hujamtengeneza basi hayupo, hiyo paswedi ya mwenzie haimsaidii kitu.

Na seva ilikuwa inaniambia muda wote! Angalia kosa namba 1045, ndani yake kuna 'juma'@'192.168.1.20', hicho kilichoandikwa baada ya @ ndo mahali seva inapokuona unatokea. Wengi tukishaona tumekataliwa tunakimbilia kubadili paswedi bila kumalizia kusoma. Ukipata 1130 ndo wazi zaidi, maana yake hakuna akaunti hata moja inayoruhusiwa kutoka kwenye hiyo IP, hapo paswedi hata haijaangaliwa.

Dawa yake, ingia kwenye MySQL ya seva kama root, yule mtumiaji mwenye mamlaka yote, uandike:

CREATE USER 'juma'@'192.168.1.%' IDENTIFIED BY 'paswedi_yako';
GRANT SELECT, INSERT, UPDATE ON duka.* TO 'juma'@'192.168.1.%';

Hapo duka ni jina la databesi, na alama ya % inamaanisha namba yoyote, kwa hiyo kompyuta yoyote inayoanza na 192.168.1 juma anaingia. Utakutana na watu wanakushauri uweke 'root'@'%' yaishe. Tafadhali usifanye hivyo, hapo umemruhusu mwenye mamlaka yote aingie kutoka popote duniani na kilichobaki kumzuia ni paswedi tu.

Sasa kama unachopata ni kosa namba 2003 hiyo ni habari nyingine, hujafika hata mlangoni. Mara nyingi ni fayawoli, au ile bind-address (mpangilio wa anwani ambayo MySQL inasikilizia) ambayo kwenye Ubuntu inakuja ikiwa 127.0.0.1, anwani ya mashine yenyewe, yaani MySQL inasikiliza wa ndani tu. Kwa netiweki ya ofisi unaweza kuibadilisha kwenye faili la mysqld.cnf ukaweka IP ya seva, ukairestati, basi.

Ila kama seva iko huko nje kwenye intaneti, mimi siifungui 3306 kabisa. HeidiSQL, DBeaver na MySQL Workbench zote zina sehemu ya kupitia SSH, njia salama ya kuingia kwenye mashine ya mbali: programu inaingia kwanza kwenye mashine kwa poti 22, halafu ikishakuwa humo ndani ndo inaigongea MySQL. Na hapa ndo utamu ulipo, kwa sababu MySQL haioni laptopu yako, inaona mtu katokea 127.0.0.1, ambayo inaitafsiri kuwa localhost, kwa hiyo yule yule 'juma'@'localhost' aliyenitesa siku nzima safari hii anapita na paswedi yake ya zamani, labda tu kama seva imewekewa skip_name_resolve (mpangilio unaoizuia kutafsiri IP kuwa jina), hapo itabidi umtengeneze na 'juma'@'127.0.0.1'.