"Wazazi walaumiwa": nani anayelaumu?

Kila ninapopokea darasa jipya la uandishi wa habari hapa Mombasa, huanza na swali la sarufi: katika kichwa "Wazazi walaumiwa kwa kuwaachia watoto simu", ni nani anayelaumu? Kauli ya kutendwa humfaa sana mhariri, kwa kuwa humtaja mtendwa na kumsitiri mtenda, na mara nyingi msomaji hufika aya ya nne ndipo agundue kwamba mlaumu ni mgeni wa heshima aliyehutubia hafla ya shule.

Tuchukue mwongozo unaotajwa sana, ule wa Shirika la Afya Duniani wa Aprili 2019 kuhusu watoto walio chini ya miaka 5. Ni kweli unapendekeza kwamba mtoto asiyetimiza mwaka 1 asiwekwe mbele ya skrini kabisa, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku. Hata hivyo, huo ni mwongozo wa kucheza, kukaa kitako na kulala, ambamo skrini ni sehemu tu, na walioutunga waliupima ushahidi wenyewe wakauita hafifu sana. Humohumo wanasema mtoto asizuiliwe mahali pamoja kwa zaidi ya saa 1 mfululizo, na miongoni mwa mifano wametaja kufungwa mgongoni mwa mlezi. Leso nayo imo, basi. Bado sijaona gazeti lililowalaumu akina mama kwa leso.

Jirani yangu wa Majengo hukaanga mahamri barazani tangu alfajiri, na mwanawe wa miaka 3 huketi mlangoni na simu kwa sababu karai la mafuta liko hatua mbili tu kutoka hapo. Nilipomsomea mojawapo ya habari hizo hakubisha, aligeuza hamri, akauliza: "Sasa mwalimu, huyo alioandika, wake kamwacha na nani?" Sikuwa na jibu, maana habari yenyewe haikuwa na mtu yeyote anayepika, anayefanya kazi wala anayeishi chumba kimoja. Ilikuwa na "wazazi", na picha ya mwanamke.

Machi 2020 shule zilipofungwa, vyombo hivyohivyo viliwahimiza wazazi wawawashie watoto redio na televisheni wafuatilie masomo ya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD). Skrini iliyokuwa uzembe wa mama ikageuka darasa kwa siku chache.

Sisemi simu haina madhara. Mtoto anayetazama katuni hadi saa nne za usiku huibiwa usingizi. Lakini video ya pili hujianzisha yenyewe kwa sababu kuna kampuni iliyoamua iwe hivyo, na kampuni hiyo ni nadra kupigiwa simu na mwandishi.

Zoezi ninalowapa wanafunzi ni kukiandika upya kichwa kile kwa kauli ya kutenda. Wengi hukwama kwenye neno la kwanza.