Waherero: oruzo, eanda, na omitandu isiyo majigambo

Waherero ni wafugaji wa Namibia na Botswana. Haya ni ya kujua kabla ya kuandika nasaba zao na kurekodi tungo zao za sifa.

Dhana: Mherero ni wa ukoo wa baba, basi.

Ukweli: kila Mherero huzaliwa na koo mbili. Oruzo hupitia kwa baba. Humo mna moto mtakatifu, okuruuo, na miiko ya ng'ombe. Eanda hupitia kwa mama, na kimila ng'ombe wa kawaida walirithiwa kwa njia hiyo, kutoka kwa mjomba kwenda kwa mtoto wa dada yake. Mke huingia oruzo ya mumewe, lakini eanda yake haibadiliki. Sikio la Mswahili litatambua majina: Ekweyuva ni eanda ya jua, Ekwenombura ya mvua.

Nasaba nyingi huharibikia kwenye fomu yenye nafasi ya jina moja la ukoo: upande wa mama hufutika kimyakimya. Mwekee kila mtu safu mbili, na mwanamke aliyeolewa safu ya tatu, ya oruzo aliyozaliwa nayo.

Dhana: omutandu, utungo wa sifa wa Waherero, ni majigambo.

Ukweli: ukiutafutia jamaa katika fasihi yetu, ni tondozi, utungo wa kusifu watu au vitu, si wa kujisifu. Husifu mtu, lakini pia kilima, kisima, ng'ombe. Mahali husifiwa kwa majina ya waliopaishi na waliozikwa hapo, hivyo omitandu (ndio wingi wake) ni ramani ya nchi pia. Kwa walionusurika vita vya 1904 dhidi ya Wajerumani wakavuka Kalahari hadi Botswana ya leo, ardhi ilibaki nyuma. Majina yake waliondoka nayo. Samuel Maharero, chifu wao mkuu, alifia huko, akarudishwa Okahandja, Namibia, kuzikwa Agosti 1923, na hadi leo watu hukusanyika pale kila Agosti kuzuru makaburi.

Dhana: ukisharekodi, umehifadhi.

Ukweli: umehifadhi sauti. Jina moja la fahali au kaburi hubeba kisa kizima ambacho mghani hakisemi, kwa kuwa wasikilizaji wake wanakijua. Wajukuu hawatakijua. Kwa hiyo ndani ya wiki hiyohiyo mrudie mghani, mchezeshee rekodi, simamisha kwenye kila jina: ni nani, wapi, eanda gani? Dakika 5 za omutandu zinaweza kula siku nzima. Rekodi kwa WAV, faili la sauti isiyobanwa, kHz 48 na biti 24. Sauti ya kutumiana kwa simu hubanwa ikapoteza ncha za konsonanti. Vika maikrofoni kifuniko cha manyoya, maana upepo hauondoki baadaye. Weka nakala 3, moja ibaki kwa familia.

Na wazee wawili wakighani tofauti, usiunganishe. Kila mmoja huchagua mababu kulingana na waliohudhuria. Andika matoleo yote mawili, pamoja na nani alikuwa amekaa hapo akisikiliza.