Trakeostomi ICU: siku ya nne au tusubiri ya kumi?

Mgonjwa wa ICU (chumba cha wagonjwa mahututi) akifikisha siku ya tatu au ya nne kwenye mashine ya kupumulia, kwenye raundi ya asubuhi lazima mtu aulize: tumfanyie trakeostomi, yaani tumtoboe koo la hewa shingoni na kumwekea mrija wa kupumulia, sasa au tusubiri? Kwa wagonjwa walio wengi nasema tusubiri hadi karibu siku ya 10. Siku ya nne bado hatujui nani ataihitaji trakeostomi na nani atapumua mwenyewe wiki ijayo.

Wanaotaka kuwahi wana hoja. Mrija unaopitia mdomoni unakera koromeo, kwa hiyo mgonjwa anapewa dawa nyingi za usingizi ili auvumilie, na ukikaa muda mrefu unachubua zoloto na nyuzi za sauti. Ukihamia shingoni, dawa zinapungua, kinywa kinasafishika, makohozi yanafyonzwa kirahisi na mgonjwa anaweza kukalishwa kwenye kiti. Mwaka 2004 utafiti wa Marekani wenye wagonjwa 120 tu ulionyesha vifo vya 32% kwa waliowahishwa ndani ya saa 48, dhidi ya 62% kwa waliongojeshwa wiki mbili. Tofauti kubwa kiasi hicho katika kundi dogo hivyo ilipaswa kututia shaka.

Mwaka 2013 yakatoka matokeo ya utafiti wa TracMan wa Uingereza: wagonjwa 909, nusu wapangiwe trakeostomi ndani ya siku 4, nusu wasubiri siku 10 ndipo wafanyiwe kama bado wanaihitaji. Vifo ndani ya siku 30 vilikuwa 30.8% na 31.5%. Waliowahishwa walitumia dawa za usingizi kwa siku chache zaidi, hilo ni kweli. Ila namba ninayoirudia kwa kila daktari mgeni ni nyingine: katika kundi la kusubiri, waliofanyiwa trakeostomi walikuwa takribani 45% tu. Wengine walikuwa wameshatolewa mrija au wameshafariki kabla ya siku yao kufika. Kuwahi kwa kila mtu, basi, ni kuwatoboa koo wengi ambao wasingehitaji. Kwa kiharusi kikali, utafiti wa SETPOINT2 wa Ujerumani na Marekani (2022) nao haukuona tofauti ya ulemavu baada ya miezi 6.

Wapo wasiopaswa kungojeshwa, kwa sababu ugonjwa wenyewe umeshasema utachukua muda gani. Pepopunda kali ni mfano mzuri: mikazo inaweza kuendelea wiki tatu au nne, zoloto linaweza kujifunga ghafla, na mrija wa mdomoni wenyewe unaamsha mikazo. Waliovunjika shingo na uti wa mgongo kukatika juu ya C5 (pingili ya tano ya shingo) ni vivyo hivyo, na wenye Guillain-Barré (ugonjwa wa neva unaopoozesha) ambao nguvu za mikono na miguu hazijaanza kurudi. Kwa njia ya hewa iliyoziba juu, siku hazihesabiwi kabisa.

Kuna sababu moja ya kuwahi nisiyoikubali: kitanda cha ICU kinatakiwa. Mgonjwa mwenye tundu bichi akipelekwa wodi yenye muuguzi mmoja wa usiku na mashine ya kufyonzea inayozungushwa kwa zamu, makohozi makavu yatauziba mrija kabla ya alfajiri.

Siku ya kutoboa, mgonjwa awe ametulia: oksijeni isizidi 50%, PEEP (shinikizo la hewa linalobaki mapafuni mwisho wa pumzi) isizidi 10, chembe sahani zinazogandisha damu zaidi ya 50,000, INR (kipimo cha kuganda kwa damu) chini ya 1.5, heparini ya dripu, dawa ya kuzuia damu kuganda, imesimamishwa saa 4 hadi 6, chakula cha mpira wa puani kimesitishwa na tumbo limefyonzwa. Aliyeumia kichwa asubiri shinikizo la ubongo litulie, maana hewa ya ukaa hupanda wakati wa kutoboa na ubongo huvimba zaidi.

Kwa njia ya sindano na waya, dakika ya hatari ni pale mrija wa mdomoni unaporudishwa juu hadi puto lake (kipira kinachoziba kandokando ya mrija) likae usawa wa nyuzi za sauti. Ukivutwa kidogo mno, sindano inatoboa puto. Ukizidi, mrija umetoka. Anayeushika asifanye kazi nyingine. Sindano iingie katikati kabisa, kati ya pingili ya pili na ya tatu ya koo la hewa, huku mwenzako akiangalia kwa bronkoskopu (kamera ya ndani ya njia ya hewa) ili ukuta wa nyuma usitobolewe. Ukipanda hadi pingili ya kwanza unakaribisha kovu la kubana njia ya hewa. Ukishuka chini ya ya nne unausogelea mshipa mkubwa wa ateri. Mrija ukishaingia, usiamini kifua kinachopanda peke yake: subiri mawimbi ya hewa ya ukaa kwenye skrini.

Ndugu huuliza kama mama atasema tena. Wakati puto limejaa hapana, kwa kuwa hewa haifiki kwenye nyuzi za sauti. Wengi husema tena likishushwa na kuwekwa vali ya kuongelea, na mrija ukitolewa tundu kwa kawaida hujifunga lenyewe.

Tundu lililotobolewa kwa njia ya sindano huhitaji siku 7 hadi 10 kukomaa. Mrija ukichomoka siku ya tatu usiusukume kurudi: utaingia kwenye nyama mbele ya koo la hewa, na ukikamua begi shingo itavimba badala ya mapafu. Ziba tundu kwa shashi, mpe oksijeni kwa maski ya mdomoni, ingiza mrija wa mdomoni. Puto lipimwe kila zamu, sentimita 20 hadi 30 za maji. Zaidi ya hapo damu haifiki kwenye ukuta wa koo. Na damu mbichi, hata kijiko kimoja, ikitoka baada ya siku ya tatu, usiifute ukaendelea na zamu. Inaweza kuwa ateri imeanza kulika: mwite daktari wa upasuaji hapo hapo, na ikianza kububujika jaza puto zaidi, na ukishindwa bonyeza kwa kidole ndani ya tundu kuelekea mfupa wa kidari mpaka chumba cha upasuaji kiwe tayari.