Kuelea Si Ubora: Yanayopaswa Kujulikana Kabla ya Kulalamikia Chakula cha Samaki

Malalamiko kuhusu chakula kibovu cha samaki yanaongezeka, kutoka kwa wenye mabwawa na kwa wenye vizimba vya Ziwa Victoria vilevile. Baadhi ni ya kweli. Mengine, ukichunguza, chakula hakikuwa na dosari. Kosa lilikuwa kwenye ulishaji.

Kwanza, imani kwamba punje inayoelea ni halali na inayozama ni feki. Punje huelea kwa sababu unga wake ulipikwa kwa mvuke na kusukumwa kwa shinikizo kubwa, ukafura ulipotoka kwenye mashine. Hiyo ni habari ya mashine, si ya kilichomo. Faida ya kuelea ni kwamba unawaona samaki wakila, hivyo unajua wakati wa kuacha.

Hata asilimia ya protini huweza kughushiwa. Maabara hupima nitrojeni, kisha huzidisha kwa 6.25. Mlaghai anaijua hesabu hiyo. Mbolea ya yurea ina nitrojeni asilimia 46, kwa hiyo kilo moja tu ndani ya kilo 100 za chakula hupandisha kipimo kutoka, tuseme, asilimia 27 hadi karibu 30, na samaki hapati chochote. Ndiyo sababu sampuli yenye shaka hufanyiwa vipimo zaidi ya kimoja, na majibu hayatoki siku hiyohiyo. Mchanga ni rahisi zaidi kuugundua: mukene (dagaa wa kutiwa kwenye chakula) iliyoanikwa chini huja nao. Ponda kiganja kimoja cha chakula, koroga kwenye glasi ya maji, subiri, utazame kilichotua.

Vifaranga wa ngege (tilapia) wanahitaji protini asilimia 40 au zaidi, wakubwa 28 hadi 32. Kambale huhitaji zaidi ya ngege katika kila hatua. Pumba za mahindi zina kama asilimia 10. Na chakula cha kuku wa mayai, tumelisema mara nyingi, si cha samaki: protini yake ni ndogo, kimejaa kalisiamu ya kutengenezea maganda, na unga wake hutawanyika majini kabla haujaliwa, ukaoza na kumaliza oksijeni.

Kiasi hupimwa kwa uzito wa samaki, si kwa kopo. Kila wiki mbili vua samaki 50 hivi kutoka pembe tofauti za bwawa, wapime kwenye ndoo, tafuta wastani. Ngege 1,000 wenye wastani wa gramu 150 ni kilo 150. Kwa asilimia 3 ya uzito huo watakula kilo 4.5 kwa siku, zigawanywe mara mbili au tatu. Wakipita gramu 300, shuka hadi asilimia 2. Wanaohesabu samaki waliopandikiza na kusahau waliokufa au kuibwa hulisha samaki wasiokuwepo, halafu hulalamika kwamba chakula hakikuzi. Usilishe alfajiri, oksijeni ikiwa chini kabisa. Subiri saa tatu au nne asubuhi. Samaki wakihema juu ya maji, acha kulisha.

Mifuko ikae juu ya mbao, mbali na ukuta, itumike ndani ya miezi mitatu. Chakula kikikaa sana vitamini C hupotea, na vifaranga huanza kupinda mgongo. Chenye ukungu kitupwe. Kukianika juani hakuondoi sumukuvu, yaani sumu ya ukungu.

Sasa utaratibu wa malalamiko, ambao wengi huuharibu wenyewe. Hifadhi risiti na mfuko wenye lebo: jina la mtengenezaji, viambato, asilimia ya protini, uzito, namba ya toleo, tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha. Ukinunua chakula cha kupimwa kwa kilo kutoka mfuko uliofunguliwa, huna ushahidi wowote. Sampuli itoke kwenye mifuko ambayo haijafunguliwa, ya toleo lilelile, ifunguliwe mbele ya afisa uvuvi wa wilaya, na mwenye duka akiwepo ni bora zaidi. Chota katikati ya kila mfuko, changanya, gawanya mafungu matatu ya nusu kilo, funga kwenye mifuko mikavu, kila mmoja atie sahihi. Fungu moja huenda kupimwa, moja hubaki kwa muuzaji, la tatu ni lako. Ambatanisha kumbukumbu za bwawa: kilo ulizolisha kila siku, uzito wa samaki, waliokufa. Bila hizo, muuzaji atasema maji yako ndiyo mabaya, nasi tunaopokea malalamiko hatutakuwa na la kumjibu.

Bidhaa isiyofikia kiwango, UNBS (Shirika la Viwango la Uganda) ina mamlaka ya kuizuia, kuikamata na kuagiza iharibiwe. Faini au kifungo ni uamuzi wa mahakama, si wa afisa anayekuja dukani. Fidia ya samaki waliokufa ni dai tofauti la mfugaji dhidi ya muuzaji, na hatuwezi kulifungua kwa niaba yake. Kumtaja muuzaji kwenye makundi ya WhatsApp kabla ya majibu ya maabara kunaweza kukugeuza wewe mshtakiwa.